Sikio la Kulia la Lomeri

Lodwar, 4 Machi 2024

Kwa binti yangu Abigael,

Ejok. Naomba barua hii ikukute umekula. Sisi huku tuko, na jua nalo liko. Mbuzi wa jirani aliingia jikoni akala kalenda, kwa hivyo tarehe hiyo hapo juu nimeuliza watu wawili na wamekubaliana.

Usishtuke, hakuna aliyekufa. Ni mimi mwenyewe ninaandika, kwa mkono wangu. Si unajua mimi niliishia darasa la tatu. Sasa nimeingia darasa la ngumbaru pale kanisani, na mwalimu wetu, Mwalimu Levis, mtu wa Busia, ametuambia kila mmoja aandike barua kwa mtu wa kweli, ipelekwe, ijibiwe, na jibu alione kwa macho yake. Mwenzangu mmoja alimwandikia Mungu. Mwalimu akamwambia jibu linaweza kuchelewa, achague mtu mwingine.

Tafadhali usinipigie simu badala ya kujibu. Kwa simu wewe husema, "Niko sawa mama, niko sawa mama," halafu mtandao unapotea. Barua nampa Shadrack wa Probox, yeye hupita Kakuma mara mbili kwa wiki gari likitaka.

Vikapu vinauzwa kidogo. Goti langu ni lile lile. Sokoni bado wananiita Mama Ewoi, kwa jina la kaka yako. Naitika.

Watu wananiuliza unafundisha nini huko. Nasema kuchora. Wananiuliza tena. Niandikie vizuri niwe na jibu refu.

Je, kuna habari yoyote kutoka upande ule? Unajua upande gani.

Mama yako,
Akal

*

Kakuma, 19 Machi 2024

Mama mpendwa,

Ejok noi. Nimekula. Nilikula kabla ya kuifungua barua, ili nisikudanganye. Nimeisoma mara nne, na Mwalimu Levis mwambie mwandiko wako unasomeka kuliko wa daktari wa hapa.

Kazi yangu ni hivi. Nina wanafunzi kumi na wawili, wengine wa kambi ya wakimbizi, wengine wa Kalobeyei. Tunachukua magunia ya unga, tunayanyoosha, tunayapaka rangi nyeupe, halafu wanachora. Kuchora hakunipi shida, wanachora mpaka naogopa. Shida ni mwezi wa nane. Kutakuwa na maonyesho ya siku tatu, na kila mchoro lazima uwe na karatasi pembeni, mwenyewe ameeleza kazi yake kwa maneno. Wageni watasoma. Kuna wawili au watatu wanaweza kupata nafasi ya chuo kutokana na hiyo karatasi.

Sasa mama, wote wameandika kitu kimoja. "Mchoro huu unaonyesha amani na matumaini." Kuna msichana anaitwa Awut, amechora mlango mwekundu umesimama peke yake kwenye mchanga, hauna nyumba. Nikamuuliza, Awut, huu mlango ni nini? Akasema, "Ni amani, madam." Mamer amechora madumu ya maji yamepangwa foleni. "Ni matumaini, madam." Nikamwambia ni madumu. Akasema, "Madumu ya matumaini."

Nikaona niwasaidie. Nikawaandikia mimi, zote kumi na mbili, kwa usiku mmoja. Madam Maryanne, mkubwa wetu wa shirika, akazisoma akaniambia, "Hawa watoto wote wamezaliwa na mama mmoja?" Akanirudishia.

Hapo ndipo nilipo. Goti lipake mafuta uliyoletewa.

Wako,
Abigael

*

Lodwar, 8 Aprili 2024

Kwa Abigael, mwalimu,

Ejok. Mvua imenyesha mara moja, mto wa laga ukajaa, Shadrack akalala ng'ambo siku mbili na barua yako mfukoni. Ilifika imelowa lakini inasomeka. Mwalimu Levis ameiona. Ameweka alama ya vema kwenye barua yako, nikamwambia hujamwomba.

Nimeona hukujibu lile swali langu la mwisho. Haidhuru.

Sasa kuhusu hao watoto. Mimi sijui kuchora, na ninaogopa kukupotosha ukafukuzwa kazi, kwa hivyo ukiona ni upuzi uache. Mwalimu Levis alituambia tuandike juu ya kitu tunachokipenda. Mimi nikaandika, "Nina kikapu. Ni kizuri." Akaandika kwa wino mwekundu, "Kizuri vipi?" Nilikasirika njia yote. Nilipofika nyumbani nikasema, kumbe mimi najua hii kazi.

Ukipoteza mnyama unafanya nini? Unaenda kisimani. Huwezi kusimama pale useme, "Nimepoteza mbuzi mzuri." Watakucheka, kila mtu mbuzi wake ni mzuri. Unasema rangi yake, inaanzia wapi na inaishia wapi. Unasema pembe. Unasema sikio limekatwa namna gani. Unasema anachechemea mguu upi, anaogopa nini, anakohoaje. Unasema ulimwona mara ya mwisho wapi na alikuwa anaelekea upande gani. Mwisho unasema wewe ni nani unayemtafuta. Basi. Hakuna mtu kisimani atakuuliza mbuzi wako ana maana gani.

Waambie hao watoto kila mmoja aandike kama picha yake imepotea.

Na kuna ujanja mmoja, huo si wa watoto, ni wa watu wazima. Alama moja unaisema kombo makusudi. Asiyemjua mnyama ataitikia tu, ndiyo, ndiyo, nimemwona. Anayemjua kweli hatavumilia, atakusahihisha.

Usilale bila neti.

Mama yako,
Akal

*

Kakuma, 30 Mei 2024

Mama mpendwa,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Nilitaka kuona kwanza kama itafanya kazi.

Niliwaambia kama ulivyosema. Wakacheka. Aguer akauliza, "Madam, na aliyeiba picha tumtaje?" Halafu wakaandika, saa nzima, hata simu hakuna aliyeshika.

Mamer ameandika hivi: "Dumu la tatu ni letu. Ni la njano, limekaa juani mpaka limekuwa jeupe upande mmoja. Kifuniko si chake, ni cha jirani. Jirani anajua. Mbele yetu ni mama mwenye watoto sita, nyuma yetu ni mtu anayesema alikuwa mbele yetu." Madam Maryanne alisoma hiyo akatoka nje, akasimama nje kidogo, akarudi.

Na Awut, huyu nakunakilia yote: "Mlango huu ni mwekundu. Chini upande wa kulia kuna alama za meno ya mbwa wetu. Unafunguka ukiuinua kidogo. Mara ya mwisho niliuona ukiwa umefungwa. Ufunguo uko kwa mama yangu. Anayeutafuta ni Awut, alikuwa na miaka saba."

Sikumsahihisha kitu.

Sasa imenigeukia mimi. Madam amesema mwalimu naye aweke mchoro mmoja na karatasi yake. Nimeweka mmoja. Karatasi nimeandika, "Bila jina." Awut akaniambia, "Madam, kisimani hawatakuelewa."

Halafu mama, nimefikiri. Sisi hatujawahi kupoteza mbuzi mwenye alama nyingi hivyo. Ulikuwa unamtafuta nani?

Abigael

*

Lodwar, 17 Juni 2024

Kwa Abigael,

Ejok. Tuko wazima. Upepo umeezua choo cha kanisa, wanaume wamekutana mara tatu kukiongelea. Bei ya sukari sitaisema kwa barua.

Huyo mtoto Awut anakula vizuri? Muulize kama bila kumuuliza. Namtumia kikapu kidogo, chenye mfuniko. Usimwambie ni cha huruma. Mwambie kilibaki.

Umeandika umeweka mchoro mmoja. Wa nini? Umeeleza madumu, umeeleza mlango, hata mbwa wa watu umemweleza. Wako umesema "mmoja."

Mimi sikutafuta mnyama yeyote. Nilisikia watu wakitafuta.

Mama yako

*

Kakuma, 9 Julai 2024

Mama,

Awut anakula. Kikapu amekitia kalamu. Aliniuliza kilibaki kutoka wapi, nikasema Lodwar.

Mchoro ni Lomeri. Yule dume wa Ewoi wa madoadoa. Nimemchora mara kumi na moja tangu chuo, zote kutoka nyuma, na sijawahi kumwandikia hata mstari mmoja.

Nitakuambia kitu ambacho nilikificha. Nilipokuwa mwaka wa pili Nairobi, Ewoi alinipigia simu, kwa nambari nisiyoijua. Wewe ulikuwa umeniambia karo imetoka kanisani. Hakunisalimu. Aliniuliza, "Abi, ng'ombe wangu amefaulu mtihani?" Halafu akakata. Nilipiga ile nambari wiki mbili, ilikuwa ya mwenye duka.

Sikukuambia kwa sababu ningekuambia ungejua kwamba najua.

Maonyesho ni tarehe ishirini Agosti. Karatasi yangu bado imeandikwa "Bila jina." Sina la kuandika. Huyo ng'ombe nilimjua kwa kumwona akitoka asubuhi. Alama zake sikuwahi kuzisoma.

Abigael

*

Lodwar, 2 Agosti 2024

Kwa binti yangu,

Sitasalimia sana. Barua hii imenichukua siku tano na Mwalimu Levis hajaiona wala hataiona. Nimemwambia wiki hii aniandikie sifuri.

Uliuliza nilikuwa namtafuta nani. Nilimuuza Lomeri wakati Ewoi amekwenda Lorugum kwa mjomba. Barua ya chuo ilikuwa imefika, siku zilikuwa zimebaki tisa, nikaona nikimngoja atakataa. Mwanaume na dume aliyemlea tangu ndama, angekataa, na angekuwa na haki. Aliporudi nikamwambia Lomeri amepotea malishoni.

Basi akamtafuta. Siku arobaini, Abigael. Alikuwa anarudi miguu imevimba, nampa chai, na ananitajia alama zote moja moja ili nisisahau kuwauliza wanawake kisimani. Nilikuwa naitikia. Ndiyo maana nazijua. Kuna dalali wa mifugo akamwambia ukweli. Ewoi alikuja, akachukua kigoda chake cha kulazia kichwa na fimbo, akaondoka. Hakunitukana. Angenitukana ningejua pa kuanzia.

Na wewe nilikuambia ni kanisa. Kanisa lilitoa maombi.

Sasa hii hapa chini ni karatasi yako. Iweke hivyo hivyo, usiongeze matumaini.

"Anatafutwa dume, maksai, jina Lomeri. Ni mweupe mwenye madoadoa meusi, kama mtu amempulizia vumbi la mkaa. Pembe ya kushoto inakwenda mbele, ya kulia inatazama chini. Sikio la kulia limekatwa ncha. Mguu wa nyuma una kovu la fisi. Akinywa maji hupumzika mara mbili. Haogopi gari, anaogopa mwavuli. Akisikia wimbo wa mwenyewe husimama, hata kama anakula. Alionekana mara ya mwisho soko la mifugo Lodwar, amefungwa kamba. Hakupotea. Aliyemuuza ni mimi, Akal, Mama Ewoi. Mwenyewe hakuulizwa. Dada ya mwenyewe hakujua."

Shadrack nimemwapisha aifikishe kabla ya maonyesho.

Mama yako

*

Kakuma, 26 Agosti 2024

Mama mpendwa,

Ejok, ejok, ejok. Kaa chini kwanza. Kama umesimama, kaa.

Shadrack alifika asubuhi ya maonyesho, wageni wakiwa tayari wanakunywa soda. Nilibandua "Bila jina," nikabandika yako kwa mwandiko wako mwenyewe, sikuwa na muda wa kunakili. Nafikiri hata ningekuwa nao nisingenakili.

Mchana akaja mama mmoja wa Kalobeyei, anaitwa Atiir, analeta maziwa kambini. Aliingia kwa sababu ya kivuli. Akasimama mbele ya Lomeri, akamwambia Mamer amsomee karatasi. Mamer akasoma yote. Wakati huo huo mgeni wa kutoka Nairobi akaniuliza huyu ng'ombe anawakilisha nini. Kabla sijajibu, Atiir akamwambia, "Ni ng'ombe." Halafu akanigeukia mimi: "Huyu hajapotea. Yuko kwa shemeji yangu nyuma ya vilima. Ondoeni tangazo."

Nikamwambia Atiir, huu ni mchoro tu. Akasema, "Mchoro umewekwa na alama zake zote, na jina la aliyemuuza, na unaniambia ni tu? Mnyama akionekana, tangazo linaondolewa. Mnasumbua watu."

Nikauliza kama yuko salama. Akasema, "Salama kuliko sisi. Ana mtu wake. Kijana alikuja mwenyewe, mwaka wa tatu huu, akasema hataki mshahara, anataka kumchunga huyo mmoja. Sasa huwezi kuchunga mmoja, kwa hivyo anawachunga wote."

Mama, sikulala.

Siku ya pili hakuja mtu. Siku ya tatu, tukiwa tunaanza kufunga, Atiir alirudi na Ewoi. Amekonda, lakini ni kukonda kwa kutembea, si kwa ugonjwa. Ana kigoda chake. Hakunisalimu. Alisimama mbele ya mchoro, akasema, "Nani amechora hii miguu ya nyuma?"

"Mimi."

"Ni yake."

Mamer akamsomea. Ewoi alisikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya habari za mbali. Ilipofika "Dada ya mwenyewe hakujua," akanitazama kidogo, akarudisha macho ukutani. Halafu akamwambia Mamer, "Sikio si la kulia. Ni la kushoto. Andika." Mamer akatoa kalamu, akakata, akaandika.

"Nani aliandika hii?"

"Mama."

"Mama hajui kuandika."

"Sasa anajua."

Akaibandua karatasi, akaikunja mara nne, akaitia kwenye shuka kiunoni. Nikamwuliza kama atakuja nyumbani. Akasema ng'ombe hawajanywa maji. Alipofika mlangoni akageuka: "Mwambie mama sikio ni la kushoto."

Ni hilo tu alilosema. Atiir ameniambia anaweza kumfikishia barua siku za maziwa.

Awut ameitwa na chuo kuhojiwa, na Mamer pia. Nilisahau kukuambia.

Abigael wako

*

Lodwar, 3 Septemba 2024

Kwa Abigael,

Nimekaa chini. Nimesimama. Nimekaa tena. Jirani alikuja kuuliza kama kuna msiba.

Mpe Awut pongezi zangu, na huyo wa madumu pia. Sasa chukua hii barua umpe Atiir, na umwambie Ewoi asomewe polepole. Nimechora mstari hapo chini. Kata kwa makasi kwenye mstari, cha juu kiende, cha chini ubaki nacho.

Ewoi. Ni mama yako. Nimepata ujumbe wako na ninaukataa. Sikio la Lomeri lililokatwa ni la kulia. Siku anakatwa nilikuwepo, kichwa nilikishika mimi, wewe ulikuwa umefumba macho. Huwezi kunifundisha. Ya kumuuza niliyafanya na nimeyaandika ukutani watu wote wakasoma, hayo sibishi, nimekosa, na dada yako hakuwemo. Lakini ya sikio nabisha mpaka nife. Kama una ushahidi, uje uutoe hapa nyumbani mbele yangu. Ng'ombe hawezi kuja, najua, ana mwenyewe mwingine. Njoo wewe. Chai ipo, na sukari nimenunua kwa bei ambayo sitaisema. Mimi Akal, Mama Ewoi.

- - - - - - - - - - - - - - - - - - - - - - - -

Abigael, ni la kushoto. Nilijua nilipokuwa naandika. Usimwambie.